Mnunuzi Huiamini Karafuu kwa Njia Gani?



Katika mikutano ya matawi tumeulizwa mara nyingi swali moja: "Karafuu zetu kila mtu asema ni nzuri. Mbona basi mnunuzi huzitilia shaka?" Majibu yapatikanayo barazani ni mengi. Huyu husema ni bei, yule husema ni fitina za wafanya biashara, na wa tatu husema ni bahati tu. Hayo yote yana nafasi yake. Lakini lipo jambo jingine ambalo aghlabu hatulitaji, nalo ni yale yaliyomo katika kichwa na moyo wa yule anayenunua. Somo letu la leo ni hilo.

Wazee wetu walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ni ya kweli, ila ina sharti ndani yake. Kizuri hujiuza kwa yule anayejua kuwa ni kizuri. Kwa asiyejua, au aliyekwisha kudanganywa mara moja, kizuri na kibaya ni gunia moja lililoshonwa mdomo. Basi yafaa tujifunze namna mtu anavyopata kujua, na namna anavyobadili shauri lake.

1. DHANA NA MWELEKEO

Kwanza na tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni dhana, yaani lile analolisadiki mtu juu ya kitu. "Karafuu ya kisiwa kile ina mafuta mengi." "Karafuu ya watu wale ina mchanga." Hizo ni dhana, na dhana yaweza kuwa kweli au uwongo. La pili ni mwelekeo wa moyo, yaani kukipenda kitu au kukikataa. Mwelekeo huzaliwa na dhana nyingi zilizokusanyika pamoja, kama vile harufu ya pilau isivyotoka katika kiungo kimoja.

Mtu akisha kuwa na mwelekeo, mkono hufuata: hununua au hupita. Lakini si kila mara. Pengine aipenda karafuu yetu lakini hana fedha za kutosha, au duka la karibu halina. Kwa hiyo tusihukumu kwamba mtu ambaye hakununua ametuchukia, wala aliyenunua leo ametupenda daima.

2. MILANGO MITATU YA DHANA

Dhana humwingia mtu kwa milango mitatu: kuonja mwenyewe, kusikia kwa wengine, na kukisia kwa dalili.

Tuanze na kuonja na kusikia, kwa kisa kimoja kinachotuhusu sana. Katika mji wa Kudus, katika kisiwa cha Java, husimuliwa habari za mtu mmoja aitwaye Haji Jamhari, aliyeishi karne ya 19. Kifua kilimsumbua, akawa ajipaka mafuta ya karafuu, akapata nafuu. Ndipo akafikiri, ikiwa karafuu yafaa nje ya kifua, itafaa zaidi ndani. Akazikatakata karafuu, akazichanganya na tumbaku, akazisokota na kuvuta. Akasadiki kuwa zimemponya, kwa kuwa alijaribu mwenyewe. Jirani zake walisadiki kwa kuwa walisikia kwake. Sigara hizo zikaanza kuombwa, kisha zikauzwa kama dawa. Jina lake likawa kretek, kwa ule mlio wa karafuu inapoungua.

Sasa tazameni jambo la ajabu. Sayansi imekwisha kuonyesha kuwa sigara, yenye karafuu au isiyo nayo, huharibu kifua badala ya kukiponya. Mwaka 2009 Marekani ilipiga marufuku sigara zenye ladha, na za karafuu zikiwa miongoni mwao. Ile dhana ya kwanza imekufa, lakini mapenzi yaliyozaliwa nayo hayakufa. Hata leo sehemu kubwa ya karafuu za dunia huishia katika sigara za Indonesia, na wavutaji hawavuti tena kwa ajili ya dawa. Huvuta kwa mazoea, kwa ladha, na kwa kuwa baba zao walivuta. Mwelekeo wa moyo waweza kuishi muda mrefu kuliko dhana iliyouzaa.

Kisa hicho kina mkia wake. Hata katika miaka ya 1970 Indonesia ilikuwa mnunuzi mkubwa wa karafuu za Unguja na Pemba. Wazee wetu walidhani Wajava waipenda karafuu yetu. Kumbe waliipenda karafuu tu. Walipopanda mikarafuu yao kwa wingi, kufikia miaka ya 1980 walikuwa wanajitosheleza kwa sehemu kubwa, wakaacha kununua kwetu kama zamani, na bei ikaanguka. Kupendwa kwa kitu si kupendwa kwa mwenye kukileta. Mpaka mnunuzi awe na sababu ya kutaja jina la kisiwa chetu, sisi ni wauzaji wa karafuu kama wengine, na Madagascar, Comoro na Sri Lanka wako mlangoni.

Mlango wa tatu ni dalili. Mnunuzi mkubwa hupeleka karafuu maabara ikapimwa mafuta, ambayo katika karafuu kavu njema huwa kadiri ya 15 hadi 20 kwa mia ya uzito. Lakini mama anayenunua kibaba sokoni hana maabara. Atatazama rangi na kichwa cha karafuu kama kipo. Ataibana kwa ukucha aone kama yatoka mafuta. Wengine huitia majini: karafuu yenye mafuta yake huzama au husimama wima kichwa juu, na ile iliyokamuliwa huelea kwa ubavu. Hizo ni dalili zenye msingi. Lakini ziko dalili nyingine zisizohusu ladha hata kidogo, nazo zina nguvu kama hizo: gunia lililotoboka, mshono mbaya, harufu ya mafuta ya taa, kokoto moja. Mtu hukisia kilichofichika kwa kile anachokiona. Akiona kokoto moja juu, husadiki kuwa chini ziko mia.

3. HESABU YA MOYO

Mwaka 1963 mtaalamu mmoja wa Marekani, Martin Fishbein, alieleza kuwa mwelekeo wa mtu twaweza kuupiga hesabu. Kila dhana aliyo nayo mtu juu ya kitu tuitie alama, kisha tuizidishe kwa uzito ambao mtu huyo auona katika jambo lenyewe, halafu tujumlishe yote. Msiogope, ndugu zetu. Ni hesabu ya sokoni tu. Na tuifanye kwa mfano wa kubuni.

Mwenye duka mmoja wa ng'ambo huuza karafuu nzima kwa wateja wa nyumbani. Kwake usafi una uzito wa 3, ukavu uzito wa 2, na urahisi wa bei uzito wa 1. Juu ya karafuu zetu asadiki haya: usafi ni mbaya kidogo, kwa sababu aliwahi kukuta makonyo, basi twaandika kasoro 1. Ukavu ni mzuri, 2. Bei ni nzuri, 2. Zidisha: usafi kasoro 3, ukavu 4, bei 2. Jumla ni 3.

Juu ya karafuu za kisiwa kingine asadiki haya: usafi mzuri, 2; ukavu wa wastani, 1; bei ghali, kasoro 1. Zidisha: 6, na 2, na kasoro 1. Jumla ni 7.

Mwaona? Karafuu zetu ni kavu zaidi na ni rahisi zaidi, na bado tumeshindwa. Sasa tusipunguze bei hata senti moja, bali tuondoe makonyo tu, mpaka dhana yake juu ya usafi wetu itoke kasoro 1 ifike 2. Hesabu yawa 6, na 4, na 2: jumla 12. Dhana moja imepindua mizani yote.

Hesabu hii yatufunza pia kuwa wanunuzi hawana mizani moja. Mwenye kukamua mafuta hajali kichwa cha karafuu kikikatika, yeye atazama mafuta. Hata hayo makonyo yana mwenyewe, nacho ni kiwanda cha makonyo cha Wawi. Konyo katika gunia la konyo ni mali. Konyo lile lile katika gunia la karafuu ni aibu.

4. ASEMALO MNUNUZI SILO LIMZUIALO

Wengine watasema, "Basi na tuwaulize wanunuzi hawapendi nini, nasi tutarekebisha." Ni shauri jema, lakini tahadharini. Mtu akiulizwa hutoa sababu iliyo karibu na ulimi, si iliyo ndani ya moyo.

Huko Marekani ilitokea kahawa ya unga, Nescafé, ya kukorogea maji ya moto tu. Ilikuwa jambo la kurahisisha kazi, lakini wanawake wengi hawakuitaka. Walipoulizwa walijibu kuwa hawapendi ladha yake. Mtaalamu Mason Haire hakutosheka na jibu hilo, akafanya hila ya kitaalamu, ambayo habari zake zilitoka mwaka 1950. Aliandika orodha mbili za vitu vya kununua dukani: nyama ya kusaga, mikate, karoti, viazi na kadhalika. Orodha zilifanana kwa kila kitu ila kimoja: moja ilikuwa na Nescafé, na nyingine kahawa ya kawaida ya kupikwa. Kundi moja la wanawake alilipa orodha ya kwanza, kundi jingine ya pili, akawaomba waeleze mwanamke aliyeandika orodha ile ni mtu wa namna gani.

Karibu nusu ya walioona Nescafé walisema mwanamke huyo ni mvivu na hajui kupanga mambo ya nyumba yake. Walioona kahawa ya kupikwa, ni wachache sana waliosema hivyo. Basi tatizo halikuwa kinywani, lilikuwa katika heshima. Mwanamke aliogopa kuonekana hajali mume na watoto. Kampuni ingebadili ladha mara kumi na isipate kitu.

Sisi nasi tulitie maanani. Mnunuzi akisema, "Karafuu zenu ni ghali," pengine maana yake ni kuwa hana hakika nazo, naye hataki kulipia wasiwasi. Ukimpunguzia bei utakuwa umemthibitishia wasiwasi wake.

5. KARAFUU ILE ILE, MOYO MWINGINE

Mfano mkubwa kabisa umo katika historia yetu wenyewe. Mwaka 1937 serikali ya Kiingereza hapa Zanzibar ilitoa sheria iliyompa Chama cha Wenye Mashamba ya Karafuu cha wakati ule, kilichoundwa mwaka 1927, haki ya peke yake ya kununua karafuu za kupelekwa nje. Wafanya biashara wa Kihindi waliona wamefungiwa mlango. Malalamiko yakafika India, na chama cha Congress kikawataka watu wa India wazisusie karafuu za Zanzibar. Na India ilikuwa mmoja wa wanunuzi wetu wakubwa.

Hakuna aliyesema kuwa karafuu imeharibika. Harufu ilikuwa ile ile na mafuta yale yale. Jikoni kwa Mhindi karafuu ilikuwa bado yahitajika katika chai, katika wali na katika tambuu. Kilichobadilika ni dhana juu ya muuzaji: kwamba anayeuza kitu hiki amewadhulumu ndugu zetu. Dhana hiyo moja ilitosha kuufunga mkono. Biashara iliumia, na mwaka 1938 ilibidi yafanyike mapatano, wafanya biashara wakarudishiwa nafasi yao kwa masharti, na kususia kukaisha.

Hatuandiki haya ili kuamua nani alikuwa na haki katika ugomvi ule. Twaandika ili tuone kuwa mnunuzi hununua karafuu pamoja na jina la anayeileta. Hata leo wako wanunuzi wanaouliza nani alichuma, je, alilipwa, je, watoto walitolewa shule ili wapande mikarafuu. Maswali hayo hayamo katika mafuta ya karafuu, lakini yamo katika mizani.

6. DHANA HUPANDA KWA NGAZI, HUANGUKA KWA MARA MOJA

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ndivyo alivyo mnunuzi. Magunia kumi mema humpa imani kidogo kidogo. Gunia moja baya humwondolea yote. Na sababu yake si chuki. Wema ndio aliolipia, kwa hiyo haushangai. Ubaya humshangaza, na kinachoshangaza hukaa kichwani. Isitoshe, akisha kutushuku hutafuta ushahidi wa shaka yake: gunia jema huliita bahati, na gunia baya huliita desturi yetu.

Hapa yatupasa kukiri jambo letu wenyewe. Kabla hatujapewa kazi hii ya ukatibu, vuli moja mvua ilitukamata karafuu zikiwa jamvini kwa siku ya pili tu. Tulikuwa twahitaji fedha. Badala ya kungoja jua, tulizitia guniani na unyevu wake, tukaweka zilizokauka juu. Karani wa kituo alitia mkono mpaka kwapani, akautoa, akautazama. Hakutugombeza. Alimwaga gunia zima juu ya turubai mbele ya watu wote, na zile za chini zilikuwa zimekwisha kuingia weupe wa ukungu.

Msimu uliofuata tulileta karafuu kavu, safi. Alizimwaga. Msimu wa pili vile vile. Wa tatu vile vile. Na lililotuuma zaidi ni kuwa jirani yetu, mzee aliyepakana nasi shamba na ambaye hakupata kudanganya hata pishi moja, naye magunia yake yalimwagwa, kwa kuwa yalikuja katika gari moja na yetu. Mzee hakusema neno, alikaa akaziokota zilizotawanyika moja moja. Msimu wa nne karani alitia mkono, akapima, akasema, "Leo sina haja ya kumwaga." Misimu mitatu ya kazi njema, ndugu zetu, ilikuwa bei ya siku tatu za jua tulizoziiba.

Sisi tuliosoma chuoni hatukuwa na udhuru. Tulifundishwa habari ya Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni, akatia mkono katika chungu ya nafaka, vidole vikakuta umajimaji, akamkemea mwenyewe kwa kuificha iliyorowa chini. Tuliijua habari hiyo kwa kichwa, na bado tulifanya.

7. BASI TUFANYE NINI?

Njia za kubadili mwelekeo wa mnunuzi ni tatu. Ya kwanza ni kubadili dhana mbaya aliyo nayo. Hii haifanywi kwa maneno, maana anayeshtakiwa akijisifu haaminiwi. Hufanywa kwa gunia baada ya gunia. Ya pili ni kumfanya aone uzito wa jambo ambalo hakulijali, kama vile wingi wa mafuta. Hii ni kazi ya Chama na ya wauzaji wakubwa, wenye vyeti vya maabara mkononi. Ya tatu ni kumwongezea dhana mpya iliyo ya kweli: karafuu hii yatoka kisiwa gani, imechumwa kwa mkono namna gani, imekaukia wapi.

Lakini ya pili na ya tatu hujengwa juu ya ya kwanza. Kwa hiyo twawaomba wanachama washike haya:

Chambueni makonyo na mpeta kabla ya kuanika, wala msingoje kituoni.

Anikeni juu ya jamvi, mkeka au sakafu safi, msianike barabarani. Lami yatoa harufu, magari yaleta vumbi, na karafuu hushika harufu upesi kuliko nguo.

Kausheni mpaka unyevu usizidi 12 kwa mia. Kilo tatu mbichi hutoa kadiri ya kilo moja kavu. Anayetaka kilo moja na nusu anauza maji.

Tumieni magunia safi yasiyopata kutiwa mbolea, sabuni wala mafuta.

Mwisho, tukumbuke kuwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mwaka tutakaosifiwa ndio mwaka wa hatari kuliko yote, kwa sababu ndipo mtu hujiambia, "Hizi chache hazitaonekana." Pengine kwa kweli hazitaonekana hapa. Zitaonekana jikoni kwa mtu asiyetujua, na yeye hatauliza ni za nani. Atasema tu, "Ni za kisiwa kile."

MASWALI YA KUZUNGUMZWA BARAZANI

1. Katika tawi lenu, ni dhana gani moja ya wanunuzi juu ya karafuu zetu ambayo ni kweli nanyi hamuipendi? Ni nani awezaye kuibadili?

2. Pigeni hesabu ya moyo kwa mnunuzi mnayemjua. Ni jambo gani lina uzito zaidi kwake: usafi, ukavu au bei?

3. Jirani akileta karafuu mbichi kituoni katika gari moja na zenu, wajibu wenu kwake ni upi, na wajibu wake kwenu ni upi?

Majibu ya matawi yaletwe ofisini kabla ya mkutano ujao, inshallah.

Katibu wa Chama